Mnara wa antena unapoleta shida: anza chini, kupanda kuje mwisho

Mwongozo huu ni wa mnara wa kawaida wa redio ya ridhaa: wa chuma, wa pembe tatu, urefu wa mita 12 hadi 18, umeshikwa na stei (waya za kuuzuia usianguke) za ngazi mbili, na juu kuna antena ya HF (mawimbi mafupi) na mota ya kuigeuzia. Dalili zilizomo ni zile zinazorudiwa mwaka hadi mwaka na waendeshaji wa pwani, wa bara na wa kandokando ya Ziwa Victoria. Kila dalili inaanza na chanzo kinachotokea mara nyingi, kisha vile vya nadra. Kipimo cha chini kinatangulia, kupanda kunafuata. Hitilafu nyingi zinazomfanya mtu avae mkanda wa kupandia zinaonekana ukiwa umesimama ardhini na darubini, timazi na maltimita. Anayepanda kwanza "akaangalie" anajihatarisha bure, maana hajui anachokwenda kutafuta.

Masharti yasiyo na mjadala

Zima redio, chomoa umeme wake, na ufunge chumba ufunguo uwe mfukoni mwako. Kuungua kwa mawimbi ya redio ukiwa juu kunauma, na mshtuko wake unaweza kukuachisha mkono.

Usipande mawingu ya mvua yakiwa yanakusanyika. Ngurumo ikisikika, shuka, na usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mkanda uwe wa mwili mzima, wenye kamba mbili: moja inafungwa ndipo nyingine inafunguliwa, hata kama unasogea hatua moja tu. Mkanda wa kiunoni peke yake haukamati mtu anayeanguka. Unaweza kumvunja mgongo au akauponyoka. Msaidizi wa chini avae kofia ngumu na asikae chini ya mnara. Spana ya inchi moja ikidondoka kutoka mita 15 haichagui.

Nyaya za umeme: umbali kutoka mnara hadi waya wa karibu uwe angalau mara moja na nusu ya urefu wote, antena ikiwemo. Mnara wa mita 15 wenye mlingoti na antena ya mita 2 juu unahitaji zaidi ya mita 25. Kama wako uko ndani ya umbali huo, usiendelee kusoma ukitafuta namna ya kuurekebisha. Uhamishwe.

SWR imepanda, hasa baada ya mvua

SWR ni kipimo cha nguvu zinazorudi kutoka kwenye antena badala ya kurushwa, na 1 ndiyo nzuri kabisa. Jiulize kwanza: inapanda lini na inashuka lini? Ikipanda mvua inyeshapo, ikashuka jua likishawaka saa kadhaa, ni maji, na karibu kila mara yameingilia konekta ya juu. Konekta ya PL-259 (aina ya kawaida ya redio hizi) haizuii maji hata uikaze vipi. Kinachozuia ni ufungaji wako.

Kabla ya kulaumu juu, safisha mashaka ya chini kwa mpangilio huu:

1. Badilisha kile kipande kifupi cha kebo kati ya redio na mita ya SWR. Ndicho kinachokanyagwa, kinachokunjwa nyuma ya meza na kutafunwa na panya.
2. Chomoa kebo ndefu na mahali pake weka mzigo bandia wa ohm 50 (kifaa kinachokaa badala ya antena). SWR ikikaa karibu na 1, redio na mita ni wazima.
3. Kwa maltimita, pima ohm kwenye ncha ya kebo ndefu, kati ya pini ya katikati na ganda. Hapa lazima ujue antena yako. Daipoli (antena ya mikono miwili) ya kawaida isiyo na baluni (kiunganishi cha kulinganisha kebo na antena) inasoma wazi, hakuna muunganiko. Yagi (antena za vipande kadhaa kwenye boriti moja) nyingi, kwa jinsi zinavyolinganishwa, zinasoma karibu na sifuri. Antena ya kusoma wazi ikionyesha kilo-ohm kadhaa zinazoyumbayumba, kuna unyevu ndani.
4. Tazama kwa darubini: tepu imefunguka? Kebo imeachia pale inapoinama kutoka kwenye boriti ya antena? Kuna kipande cha antena kimezunguka kikaangalia chini?

Kipimo cha tatu kina faida ukiwa na namba ya zamani ya kulinganisha. Siku antena inapofungwa, andika ohm na SWR ya kila bendi, ubandike karatasi hiyo ukutani kwenye chumba cha redio.

Ikibidi kupanda, fungua konekta utazame shaba. Iking'aa, kausha, safisha, funga upya. Ikiwa nyeusi au ya kijani, kata kebo nyuma kidogo kidogo mpaka ufikie shaba inayong'aa. Ukifika mita moja bado ni nyeusi, acha kukata. Kebo nzima ibadilishwe. Kufunga upya kunataka tabaka tatu: tepu ya plastiki, juu yake tepu ya mpira inayojishika yenyewe iliyovutwa sawasawa, kisha tepu ya plastiki tena. Tabaka hilo la mwisho lizungushwe kuanzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko ufunike wa chini yake kama makuti yanavyopangwa kwenye paa. Chini ya konekta acha kitanzi cha kebo ili maji yadondokee hapo, yasifuate kebo hadi kwenye kiungo.

SWR inayocheza pamoja na upepo ni kitu kingine: kiungo kimelegea. Anzia kwenye skrubu zinazoshika kebo kwenye antena, kisha maungio ya mabomba ya alumini. Na SWR ambayo ni nzuri kwa wati 10 lakini inaruka ukifika wati 100 inaonyesha kitu kinachopata moto au kurusha cheche, mara nyingi baluni au trapu (koili zilizo kwenye vipande vya antena). Usiendelee kurusha ukitumaini itatulia. Haitatulia, na itaondoka na transista za redio.

SWR inazidi kupendeza, lakini hakuna anayekusikia

Hii inawadanganya wengi kuliko dalili nyingine yoyote. Kebo iliyokunywa maji au kuchoka inakula nguvu zinapokwenda na inakula tena zile zinazorudi. Mita iliyo chini inaona kidogo kinachorudi, basi inasema mambo mazuri. SWR iliyokuwa 1.8 miaka mitatu iliyopita, leo ni 1.2 na hakuna aliyegusa antena: hiyo si bahati njema.

Kipimo chake ni rahisi, ila kinataka mtu juu. Kebo ichomolewe kwenye antena, ncha ya juu ibaki wazi, halafu wewe wa chini upime SWR kwa analaiza au NanoVNA (vifaa vidogo vya kupimia antena), si kwa wati za redio. Kebo nzima itasoma juu sana, 10 au zaidi, maana kila kitu kinarudi. Ikisoma 3, kebo inapoteza desibeli 3 kwa safari moja, yaani nusu ya nguvu yako inaishia kupasha moto plastiki. Hakuna dawa. Nunua nyingine, na kama ya zamani ilikuwa RG-58 (nyembamba) kwa umbali wa mita 30 na zaidi, panda ngazi ununue RG-213 (nene).

Stei zimelegea

Hapa ndipo minara inapoangukia. Antena mbovu inakunyima mawasiliano. Stei mbovu inaangusha chuma juu ya paa la jirani.

Kwanza usiogope kila ulegevu. Chuma kikipata joto kinarefuka, kwa hiyo stei ya saa nane mchana si stei ya alfajiri. Kagua wakati ule ule wa siku, upepo ukiwa umetulia. Stei mpya nazo hujinyoosha na klipu zake hukaa mahali pake baada ya kubeba mzigo. Kukaza nati tena wiki chache baada ya kusimamisha mnara ni kazi ya kawaida.

Chanzo cha kwanza cha kweli ni kikazio, ile skrubu ndefu yenye jicho pande mbili, kujifungua chenyewe kwa mtikisiko wa upepo. Tazama kama kuna waya wa usalama uliopitishwa ndani yake kwa umbo la nane. Kama haupo, umeshapata ugonjwa. Pwani, msimu wa kusi, kikazio kisicho na waya wa usalama kinafunguka polepole bila mtu kujua.

Cha pili ni klipu za umbo la U zilizofungwa kinyume. Ile U inapaswa kukandamiza mkia wa waya, ule mfupi usiobeba mzigo. Tako la klipu likae upande wa waya unaobeba. Ikigeuzwa, U inauponda waya unaobeba na kuudhoofisha. Weka klipu tatu kila mwisho, nafasi kati yake iwe kama mara sita ya unene wa waya, yaani milimita 30 kwa waya wa milimita 5. Na ndani ya kitanzi pawe na kile kipete cha chuma kinachozuia waya usikunjike kwa ukali.

Cha tatu ni nanga, pale stei inapofungwa ardhini, kusogea. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Athi, Mwea au Shinyanga, ardhi inavimba masika na kupasuka kiangazi, na nanga fupi inakwenda nayo. Dalili yake ni stei zinazokaza na kulegea kwa misimu, si kwa dhoruba. Ukiona ufa wa mviringo kwenye udongo kuizunguka nanga, au fimbo imetoka ardhini kuliko alama uliyoiweka, usikaze kikazio kuficha tatizo. Nanga inahitaji kuchimbwa upya, kina kipite tabaka linalovimba, na hilo ni la fundi wa ujenzi anayeujua udongo huo.

Cha nne, kisichoonekana kabisa: fimbo ya nanga imeliwa na kutu chini ya ardhi. Hutokea zaidi pale shaba ya ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini) inapounganishwa na chuma chenye zinki kwenye udongo wenye unyevu. Zinki inaliwa kwanza, kisha chuma chenyewe. Juu fimbo inang'aa, sentimita 30 chini imebaki nyembamba kama penseli. Minara mikubwa ya utangazaji imewahi kuanguka kwa sababu hii hii. Kagua kwa kufukua taratibu, nanga moja tu kwa wakati, stei ya muda ikiwa tayari imefungwa kwenye nanga nyingine imara. Gari si nanga. Mwembe si nanga. Ukikuta chuma kimepungua kwa kuangalia tu, rudisha udongo, weka watu mbali, ita fundi wa minara.

Mkazo wenyewe uwe kiasi gani? Kawaida ni karibu asilimia 10 ya nguvu ya kukatika kwa waya. Waya mgumu wa nyuzi saba wa inchi 3/16 hukatika karibu na kilo 1,800, kwa hiyo mkazo wake ni kama kilo 180, unaopimwa kwa kifaa cha kupimia mkazo, si kwa kuupiga teke. Kaza stei tatu za ngazi moja kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, ukianza na ngazi ya chini na kurudi kwenye timazi kila mara. Na wakati stei yoyote inalegezwa au kubadilishwa, asiwepo mtu juu ya mnara.

Mnara umeinama au umejisokota

Ning'iniza timazi mbele ya jicho lako na ulinganishe na mguu wa mnara, kisha uhamie upande wa pili kwa pembe mraba urudie. Kiwango kinachokubalika kwa mnara wa stei ni sehemu moja kwa 400: sentimita 3 kwa mita 12. Zaidi ya hapo, tafuta sababu kabla ya kunyoosha.

Mara nyingi ni stei zisizolingana mkazo, na dawa yake umeshaisoma. Mnara ulionyooka chini na juu lakini umepinda tumbo una stei ya ngazi ya chini iliyokazwa kupita kiasi. Kama msingi ndio ulioshuka upande mmoja, au zege lilipakiwa mzigo kabla halijakomaa (siku 28 ndizo za nguvu kamili, siku 7 ni za mtu mwenye haraka), hilo halirekebishwi kwa stei.

Mguu uliopinda au kubonyea haunyooshwi kwa nyundo wala kwa jeki. Bomba lililobonyea limeshapoteza uwezo wake wa kubeba. Usipande. Kipande hicho kishushwe na watu wenye vifaa, kwa kreni au kutoka mnara wa muda pembeni.

Kutu

Upande wa bahari, chumvi inafanya kazi usiku na mchana. Vumbi jekundu juu ya zinki linasafishwa kwa brashi ya waya na kupakwa rangi yenye zinki nyingi, limekwisha. Kutu inayobanduka, inayotoka vipande vipande, ni nyingine: gonga kwa nyundo ndogo usikilize. Sauti kavu ya kengele ni chuma kizima, sauti nzito ya kufa ni chuma kilichooza.

Mahali pa kutazama kwanza ni pale mguu unapoingia kwenye zege. Mafundi wetu wanapenda kuacha sahani ya zege yenye bonde katikati, maji yanakaa. Zege liinuke katikati na kuteremka pembeni. Miguu ya bomba lazima iwe na njia ya maji kutoka chini, kwenye kokoto. Zege likiziba mdomo wa bomba, maji yanajikusanya ndani na mguu unaoza kutoka ndani ambako rangi haifiki. Bolti zilizoliwa zibadilishwe moja moja, zenye zinki au za chuma kisichoshika kutu, kamwe zisifunguliwe mbili kwenye kiungo kimoja.

Kila masika radi inaondoka na kifaa

Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani, kwa hiyo msomaji wa Mwanza, Kampala au Kisii hahitaji kushawishiwa.

Sababu ya kawaida haiko kwenye ukosefu wa ethi. Iko kwenye kuwa na ethi nyingi zisizojuana: ya mnara peke yake, ya umeme wa nyumba peke yake, ya dishi peke yake. Radi ikishuka, kila moja inapanda volti tofauti, na njia ya kusawazishana inapita ndani ya redio yako. Unganisha zote ardhini kwa waya mnene, na ufanye kebo zote za antena ziingie nyumbani mahali pamoja, kwenye bamba la shaba au alumini lenye vizuia radi, nalo lifungwe kwenye ethi hiyo hiyo.

Ethi ya mnara iwe na fimbo kadhaa za mita 2.4 au zaidi, zikitengana angalau mara mbili ya urefu wake. Waya usipindwe kona kali. Usifunge shaba moja kwa moja kwenye mguu wenye zinki. Tumia klampu ya chuma kisichoshika kutu katikati.

Kuchomoa kebo mvua inapokuja ni tabia njema, lakini kuiacha ncha sakafuni karibu na meza kunaileta radi hadi miguuni. Ichomolewe nje, kwenye lile bamba. Kazi yoyote inayogusa ethi ya umeme wa nyumba ifanywe na fundi umeme mwenye leseni.

Antena haigeuki

Sanduku la kuongozea mota linaonyesha inazunguka lakini juu imesimama: klampu ya mlingoti imeteleza. Mota inanguruma bila kwenda: kapasita ya kuanzishia imechoka, na kwa aina nyingi iko ndani ya sanduku la chini, huna haja ya kupanda. Inazunguka kwa uvivu: waya wa kuiongoza ni mwembamba mno kwa umbali huo au maungio yameshika kutu. Pima ohm za kila jozi kutoka chini na ulinganishe na kitabu cha mota. Inageuzwa na upepo: breki imekwisha, na hapo mota inashuka. Ukiwa juu usiiguse antena wakati mtu yuko kwenye sanduku. Ikigeuka ghafla inakusukuma.

Kelele za mkwaruzo

Endesha redio kwa betri, zima umeme wote wa nyumba. Kelele ikikoma, ni taa za LED, chaja au inveta ya sola. Ikibaki na kuongezeka kwa upepo, tafuta chuma kinachosuguana na chuma chenye kutu mnarani. Ikibaki bila kujali upepo, inawezekana ni kikombe (kihami cha kushikia waya) kilichopasuka kwenye nguzo ya umeme. Tembea na redio ndogo ya AM uitafute, kisha toa taarifa kwa shirika la umeme. Usitikise nguzo.

Mbuzi, nyuki na wanunuzi wa chuma chakavu

Stei si kamba ya kuanikia wala ya kufungia mbuzi. Nanga zizungushiwe uzio, na vikazio vifungwe kwa namna isiyofunguka kwa mkono. Waya wa shaba wa ethi huibwa. Uzike, na uukague kwa macho kila mwezi pale unapoonekana.

Kabla ya kupanda, kaa chini dakika chache utazame kwa darubini sanduku la mota na ncha za mabomba. Nyuki na nyigu wanapenda humo, na mtu aliyefungwa kamba mita 14 juu hawezi kukimbia. Ukiona wanaingia na kutoka, ita mtaalamu wa nyuki, kazi isubiri.

Antena imegusa waya wa umeme

Laini za mitaani huweza kuwa za kilovolti 11 au 33. Usiguse mnara, stei, kebo wala redio. Ondoa watu wote angalau mita 10, wakisogea kwa hatua fupi sana za kuburuta miguu, kwa sababu ardhi yenyewe inaweza kuwa na volti. Piga simu ya dharura ya shirika la umeme na usubiri waseme kwamba laini imezimwa. Waya kunyamaza bila cheche haimaanishi umekufa. Laini huweza kujirudisha yenyewe.

Ukimwita fundi

Waliozoea minara ya simu ndio wanaofaa zaidi, ingawa hawazijui antena zetu. Waambie mapema: uzito wa antena, unene wa stei, umri wa mnara, na kitu gani kilikufanya usimame. Omba kuona mikanda yao kabla hawajapanda. Anayekuja na kamba ya katani na viatu vya kandambili, mlipe nauli arudi. Kama mnara unarefushwa, angalia pia masharti ya leseni yako na ya mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu urefu, hasa ukiwa karibu na uwanja wa ndege, kabla boriti yenye kapi ya kuinulia vipande haijafungwa.